Kikoi Kwenye Injini, Siku ya Nikaha ya Kaka

Waliokuwa feri siku ile wameshaitia chumvi hadithi hii, basi bora muisikie kwangu mwenyewe, ingawa hata sasa nikiandika masikio yananiwaka.

Kaka yangu Salim alikuwa anaoa Mji wa Kale, sisi twakaa Likoni, na alinichagua niwe shahidi wake mmoja, tena nimwendeshe. Asubuhi nikaikagua gari mara nne (ufundi nimejifunza kwa video za simu, na nikianza kukagua siachi), nikaona chujio la hewa lina vumbi, nikalipangusa, kisha roho ikanisumbua: je, vumbi likirudi? Nikalivika kipande cha kikoi kipya, nimekikunja mara mbili, nikafunga boneti, nikajipongeza. Kwenye barabara tambarare gari ilikwenda vizuri tu.

Tulipotoka kwenye feri upande wa kisiwani, watu watano ndani pamoja na mjomba Athmani aliyejaza kiti cha mbele, nikakanyaga mafuta kupanda kile kilima cha kutokea ferini, injini ikaguna, ikalegea, ikazima. Nikawasha, ikazima tena. Nyuma malori yanapiga honi, na umati wa waenda kwa miguu unatupita ukimkodolea macho bwana harusi na joho lake.

"Hino gari ina nini?" mjomba akauliza.

"Ni uzito, mjomba. Injini ikipanda yataka petroli zaidi na hewa zaidi. Hebu shukeni kidogo."

"Yaani mimi ndiye mlima?"

Wakashuka, wakasukuma, mjomba kanzu ameibana kwapani, na gari bado inakohoa. Salim akatazama saa. Sheikh alikuwa na nikaha nyingine baada ya yetu.

"Mjomba, utanishuhudia wewe," akasema, bila kunitazama, wakajibana wote wanne kwenye tuktuk wakaenda zao.

Nikabaki natokwa jasho, hadi mzee mmoja wa mkokoteni akaniamuru nifungue boneti. Akavuta kile kikoi, akakiinua juu watu wakione.

"Kijana, nikikuziba pua kwa nguo hii, nikutwike gunia upande nalo hapa, utafika?"

Watu wakaangua kicheko. Gari ikapanda kilima kama si yenyewe.

Nilipoingia msikitini, halua ilikuwa inazunguka.

"Kula, fundi," mjomba akasema. "Ndugu yako kashaoa."

Salim hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloninyima raha. Nimeapa: nikishapangusa, nafunga, naondoka, hata roho ikinisumbua vipi.