Mkate Ulioumukia Kwenye Basi la Mbeya

Jamani, nitasema mwenyewe, maana wengi wenu mmeshaisikia nusu ya habari hii kwa watu wengine, na hiyo nusu mliyoisikia ndiyo inayoniaibisha zaidi. Ni kweli kwamba siku niliyokwenda kwa wakwe zangu mara ya kwanza nilifikishwa mlangoni nimeshikwa mkono na mwinjilisti wa kanisa, nanuka ulanzi kuanzia kofia mpaka viatu, na ni kweli kwamba mwinjilisti huyo aliniombea palepale kizingitini, kwa sauti, majirani wanasikia. Lakini sikuwa nimelewa. Sijapata kulewa maishani mwangu. Nilikuwa nimepika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi kijana wa Unguja niko Iringa mwaka wa tatu, nashona nguo kwenye baraza ya duka. Kushona najua, hapo sijisifu bure. Kupika ndiyo kulikuwa hakuna. Kwetu nilikulia kati ya mama, bibi na shangazi watatu, na jikoni nilikuwa naingia kwa shughuli moja tu, kuuliza chakula kimefika wapi. Iringa nikajikuta peke yangu, na ile baridi yake ya asubuhi inayomfanya mtu aone uzito hata kutoa mkono ndani ya blanketi, nikajifunza kupika wali (chini umeungua, juu mbichi) na chai, nikaona elimu imetosha. Lakini usiku naota chakula cha nyumbani, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, na zaidi ya vyote mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui na iliki, unaopaliwa makaa juu na chini mpaka nyumba nzima inanukia.

Basi siku moja akapita Iringa mzee wa kwetu, Mzee Khamis, fundi saa aliyehamia Mbeya tangu kabla ya vita, nikamshonea koti, akalivaa, akajitazama, akanitazama na mimi, akaniuliza kama nimeoa. Baada ya mwezi nikapata barua. Ana binti, jina lake Rukia, na wakiniridhia na mimi nikiridhia mambo yanaweza kuzungumzwa. Barua ilikuwa imeandikwa na mkewe, Bi Zuwena, na yeye ndiye aliyeuliza maswali yote ya maana, ukoo wangu, sala zangu, kazi yangu, na mwisho kabisa akauliza, huko niliko peke yangu, nani ananipikia?

Nikajibu kwamba najipikia. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na hadithi. Lakini kalamu ilikuwa bado na wino na karatasi bado ina nafasi, nikaongeza kwamba vyakula vyote vya kwetu navipika, hata mkate wa kumimina naumimina kwa mkono wangu.

Majibu yalikuja haraka kuliko nilivyotaka. Bi Zuwena alisema tangu watoke Unguja hajaugusa mkate ule, kwa sababu baridi ya Mbeya imemtia baridi yabisi mikononi na kutwanga mchele hawezi tena, na Rukia amekulia huko juu, mkate wa kumimina anausikia kwa jina tu. Kwa hiyo nije Jumapili ya mwisho wa mwezi, na nije kuwamiminia mkate.

Nilikuwa na wiki tatu. Jirani yangu Mama Agnesi, mama wa Kihehe aliyekuwa na kinu kikubwa uani, akaniazima kinu na mchi, na siku ya kwanza nilipoanza kutwanga mchele wakaja wanawake wa mtaa mzima kumtazama mwanamume anayetwanga, na wengine walileta vigoda. Nazi niliipata sokoni, imesafiri kutoka pwani mpaka imekonda. Hamira ya dukani sijui ilikuwa imekaa tangu lini, lakini ilikuwa haiumui kitu. Mkate wa kwanza ukatoka kama kigae. Wa pili nikampa mbwa wa Mama Agnesi, akaunusa, akanitazama, akaenda kulala upande wa pili wa nyumba.

Alfajiri ya Jumamosi, siku moja kabla ya safari, Mama Agnesi akaniamkia "Kamwene, fundi," akachungulia rojo langu lililolala kwenye sufuria bila hata povu moja, akasema rojo hili halina nguvu, akaingia ndani akatoka na kibuyu. Nilikijua kibuyu kile. Wakati wa masika pale Iringa kila nyumba inagema mianzi, na maji ya mianzi ndiyo ulanzi. Nikamwambia mimi Mwislamu.

"Fundi, hii siyo pombe," akasema. "Hii mtogwa, imegemwa leo asubuhi. Watoto wanakunywa wanaenda shule."

Nikaonja tone moja, tamu, maji ya sukari kabisa. Sikuuliza ikifika kesho inakuwa nini. Nadhani sikuuliza kwa sababu nilikuwa nalijua jibu. Nikamimina nusu ya kibuyu, nikakoroga mchele mwingine wa kutosha, na ilipofika jioni, jamani, rojo limeinuka, linapumua, lina povu jeupe kama la sabuni. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Mtu mwenye akili angeupika mkate usiku ule akasafiri na mkate. Mimi nikafikiri, mkate wa kumimina mtamu wake ni moto, ukilala unakauka, na tena barua imesema nije *kuwamiminia*, basi nitakwenda na rojo, nitawamiminia mbele ya macho yao. Nikachukua kopo kubwa la maziwa ya unga, lile lenye mfuniko wa kubana, nikajaza mpaka juu, nikabana mfuniko kwa kuukalia, kisha nikalifunga kamba ya katani mara nne, kwa sababu nilisikia barabara ya Mbeya ni mbaya na sikutaka rojo limwagike.

Kumekucha Jumapili nikapanda basi na kanzu mpya niliyoishona mwenyewe, nyeupe haina hata alama, na koti juu yake. Nikachagua kiti cha mbele karibu na injini, maana nilikumbuka bibi yangu alikuwa anasema rojo halitaki baridi. Kopo nikalipakata. Pembeni yangu akakaa bwana mmoja mpole wa Tukuyu, suti nyeusi, Biblia mapajani, akajitambulisha kuwa ni mwinjilisti, akaniuliza nimebeba nini kwa uangalifu hivyo. Nikamjibu ni zawadi ya wakwe. Akafurahi sana, akanieleza habari za ndoa yake mpaka tukapita Mufindi.

Kopo lilianza kuwa la moto. Kisha likaanza kulia, kitu kama nyuki aliye mbali. Mwinjilisti akaacha kusema, akalitazama, nami nikaweka mkono juu ya mfuniko na kuuhisi umevimba kama tumbo la ng'ombe, nikafikiri nilegeze kamba, lakini fundo nililolifunga mwenyewe likanishinda, na tulikuwa tumeshaipita Nyololo na kusimama tena hakuna mpaka Makambako. Basi nikafanya jambo moja tu nililoliweza. Nikaukandamiza mfuniko kwa kifua.

Basi likaruka shimo, na kopo likapasuka kwa mlio ambao dereva aliudhani ni wa tairi. Akakanyaga breki. Watu wote wakashuka kwenye mvua, wanawake wamebeba watoto, wakazunguka basi wakitazama magurudumu, yote yamejaa upepo, wakazunguka tena. Ndipo akashuka mwinjilisti, polepole, rojo linamtiririka kutoka kwenye kipaji mpaka kwenye tai, na nyuma yake mimi. Kanzu ile siwezi kuieleza. Kulikuwa na rojo kwenye ndevu zangu, kwenye kioo cha dereva, na kwenye dari ya basi linadondoka tone tone.

Halafu harufu ikatoka. Rojo lilikuwa limelala usiku mzima na kupikwa na injini asubuhi nzima, na ile mtogwa ya kunywa watoto ilikuwa imeshakua mtu mzima. Bibi mmoja wa Kibena akasogea, akagusa koti langu kwa kidole, akaonja, akawatangazia wenzake kwamba huu ni ulanzi uliokomaa, na aliyeutengeneza anajua kazi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye majani. Nikajaribu kueleza kwamba ni mkate. Walicheka zaidi.

Mwinjilisti peke yake hakucheka. Alijipangusa, akanirudisha kwenye kiti, na kuanzia pale mpaka Mbeya akanisemesha kwa upole kuhusu ulevi, na jinsi unavyomfanya mtu afiche chupa kwenye makopo, na jinsi hata yeye alivyokuwa na mjomba wa namna hiyo. Makambako nikashuka nikajimwagia maji ya bomba nione kama harufu itapungua. Haikupungua. Ila sasa nilikuwa nimelowa, na basi lina madirisha mawili yasiyofungika, na mvua na upepo wa nyanda zile mnaujua wenyewe. Tulipofika Mbeya jua linakaribia kuzama nilikuwa natetemeka, miguu imekufa ganzi, na meno yanagongana hata neno moja halipiti likiwa zima. Nikapiga hatua mbili kwenye tope, nikateleza, nikakaa chini na kopo langu. Mwinjilisti akaniinua, akanishika mkono, akaniuliza kwa wakwe ni wapi, akasema hawezi kuniacha katika hali hiyo.

Ndivyo tulivyofika. Akabisha hodi yeye. Mzee Khamis akafungua, kanzu safi, tasbihi mkononi, na nyuma yake Bi Zuwena amejifunga kanga mpya za wageni.

"Mzee, shikamoo," mwinjilisti akasema. "Nimekuletea kijana wenu. Naomba msimpige. Njia nzima nimeongea naye, na moyo wake umeanza kulainika."

Kisha akainamisha kichwa, akaniombea. Alipomaliza, watu wa nyumba za jirani walikuwa wameshatoka barazani.

Mzee Khamis alinitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kumwambia ni mkate, lakini kilichotoka kilikuwa "m-m-mka," na hapo nikaishiwa pumzi.

"Huyu si wetu," akasema Mzee Khamis, na akaanza kufunga mlango.

Nawaambieni ukweli, nimeaibika mara nyingi tangu siku ile, lakini sijapata kuona mlango unaofungwa taratibu vile. Nilishafikiria basi la kurudi, na barua ya kwenda Unguja kumweleza mama yangu, na namna ya kuiandika.

Ni Bi Zuwena aliyeuzuia mlango kwa mguu. Akauliza kwenye kopo mna nini. Nikalinyoosha, akaliinamia, akanusa, akatia kidole chini kulikobaki rojo kama kikombe kimoja, akaliweka ulimini.

"Baba Rukia," akasema, "huyu hakunywa. Huyu kaumulia."

Mzee Khamis akasema pombe ni pombe. Bi Zuwena akamjibu bila kupandisha sauti kwamba bibi yake kule Makunduchi miaka yote akiumulia mkate kwa tembo la mnazi, hamira ya duka hawakuijua, na kwamba yupo mtu alikwenda nyumba ile kuposa, akala vipande vitatu, akaomba na cha njiani. Mzee Khamis akaitoa saa yake mfukoni, akaitazama kwa makini sana, akasema magharibi inaingia, akaenda msikitini.

Nikavuliwa kanzu, nikapewa shuka la mzee na chai ya tangawizi, mwinjilisti naye akakaribishwa akakalishwa kitini, na meno yangu yalipotulia Bi Zuwena akanionyesha jiko. Nilikuja kumimina, basi nimimine. Nikamimina kikombe kile kimoja, nikapalia makaa juu, nikapalia chini, na kikatoka kimkate sawa na kisahani, juu cheusi, katikati kibichi. Bi Zuwena akakata kipande, akakitafuna muda mrefu, macho ameyafumba.

"Mbaya," akasema.

Kisha akakata cha pili. Na cha tatu akakifunga kwenye ncha ya kanga yake. Hapo nikasikia mtu anacheka nyuma ya pazia, kicheko kilichokuwa kimezuiwa kwa muda, na sauti ikauliza, "Mama, na mimi sipewi?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kwa mke wangu.

Tulioana masika yalipokwisha. Mwinjilisti alikuja arusini na akakaa mbele, na kila aliyekaa karibu naye alimweleza kwamba huyu bwana arusi ni tunda la kazi yake. Nilimweleza habari ya mkate mara tatu, maisha yake yote hakukubali. Kila nilipokwenda kwa wakwe tukakutana sokoni Mbeya aliniuliza kama bado nimesimama imara, na mwishowe nikaona ni adabu kumjibu kwamba nimesimama.

Kupika sijaacha, na hata sasa si vizuri sana. Lakini nimeapa, na kiapo hiki nimekishika mpaka leo, kwamba rojo la mkate silipandishi gari, wala ndani ya barua siandiki ninachokijua jikoni. Anayeutaka mkate wangu atanikuta nyumbani, na aje na meno yake yote.