Msalaba wa Majina Mawili

Siku Ngugi alipomwona Adhieu mara ya kwanza, mwaka 2012, alikuwa akiranda mbao kwenye karakana yake Lodwar. Mama huyo mrefu alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuagiza msalaba wa kubeba kanisani. Alitaka uchongwe majina mawili: la mwanawe, aliyeuawa kwao Bor, Sudan Kusini, mwaka 1991, na la kijana mmoja wa upande uliowashambulia, naye aliyeuawa.

"Hata adui?" Ngugi aliuliza.

"Dada yake, Nyawech, anaimba na mimi kwaya moja. Nikilia mtoto yangu peke yake, roho inakuwa jiwe."

Ngugi aliyaandika majina yote mawili. Ndugu yake mwenyewe alichomewa ndani ya nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008, na tangu hapo hakuwahi kugusa chai ya jirani yake Jelagat, muuza chai, kwa kuwa Jelagat alikuwa wa kabila la waliochoma.

Adhieu alirudi kuchukua msalaba uchaguzi wa 2013 ukikaribia. Alikuta Ngugi amefunga vifaa vyake kwenye gunia.

"Unakimbia, fundi?"

"Nimeona moto, mama. Hata Jelagat, huyu muuza chai wa jirani, ni wa kabila lao."

Adhieu akamwongoza hadi kwa Jelagat, akaagiza vikombe viwili.

"Leo fundi amekumbuka nauza chai?" Jelagat akatania.

Ngugi alikunywa kikombe chote. Jioni alifungua gunia, akarudisha vifaa mahali pake.

Baadaye Adhieu alirudi kwao Bor. Desemba mwaka huo vita vikazuka huko, na simu yake haikupatikana tena. Ngugi alibaki na maneno aliyomwachia akipanda lori la kurudi kwao: "Ukishindwa kumwombea mtu, fundi, taja jina lake tu. Mungu atamalizia."