Aliyelala Kwanza Katika Nyumba Yangu

Utacheka. Wote huanza kwa kucheka, kisha nikifika katikati wananyamaza. Haya sikuhadithiwa wala sikuota. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua linawaka, tumboni sina hata tone la mnazi. Ukitaka amini, ukitaka kataa, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana huenda nawe unajenga mahali.

Kwanza ujue mimi ni nani. Shule niliiachia darasa la sita, huko ndani Kinango, ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji. Nikashuka Likoni na suruali moja. Leo pita Shika Adabu, pita Bofu, ukiona geti la chuma lenye simba wawili wanaotazamana, basi hilo limetoka mkononi mwangu. Hakuna chuo kilichonifunza. Nilibeba vyuma vya watu, nikashika mashine ya kuchomelea, nikafungua karakana yangu, na sasa vijana wenye vyeti vyao wananiita bosi. Sijisifu. Wa kujisifu wapo wengine, mimi nasema yaliyopo.

Sasa, kwa nini niliihamisha familia yangu kutoka Shika Adabu? Watu niliwaambia ni kelele. Na kweli kelele zilikuwepo: malori usiku na mchana, baa upande huu, spika za mahubiri upande ule, na vijana wa mapanga wakipita wazazi tunafunga milango kabla jua halijazama vizuri. Niliwaambia nataka wanangu wakulie kwenye utulivu, wanywe maziwa ya ng'ombe wanayemjua. Yote hayo ni kweli. Lakini wewe nitakwambia ambalo wao sikuwaambia.

Mama Umazi, mke wangu, ni mzuri. Si uzuri wa kupaka, ni ule wa kuzaliwa nao. Pale mkabala na nyumba tuliyopanga kulikuwa na fundi cherehani, na "habari ya asubuhi" ya yule bwana kwa mke wangu ilikuwa haiishi. Muuza maji naye, "Mama Umazi, leo umependeza." Hata mchungaji akimsalimu, mkono anauachilia polepole. Mimi nachomelea chuma kutwa, lakini niamini, moto wa mashine haujawahi kunichoma kama macho ya wanaume yakimtazama mke wangu akienda dukani.

Nikajenga Kinango, kwenye shamba la marehemu baba. Nyumba ya mawe, bati jekundu, madirisha ya grili nilizozichora na kuzichomelea mwenyewe. Jirani wa karibu umwite kwa sauti yako yote, hasikii. Nikasimama pale nikajiambia, haya, sasa nani atamtazama?

Siku ya kuhama tulifika na lori mchana. Shangazi yangu, dada wa baba, anakaa bondeni kidogo kutoka hapo. Huyo mama mdomo wake ni wembe. Alikuja kutazama vyombo vikishushwa, ugoro kiganjani, akaniuliza:

"Unalala leo?"

"Silali, shangazi. Nina mageti ya shule, yanatakiwa haraka. Narudi na lori hili hili."

"Hujanisikia. Nyumba mpya usiku wa kwanza ni wa mwenyewe na mkewe. Mnalala kimya, hamsemi neno mpaka asubuhi, ndipo nyumba inajua ni ya nani. Wewe si Mduruma, ama chuma kimekuingia kichwani?"

Nikacheka. "Shangazi, hayo ni ya nyumba za udongo. Hii ni saruji. Shamba ni langu, mawe ni yangu, bati langu. Itanijua tu."

Akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Haya, bwana mkubwa. Usipolala wewe, atalala mwingine."

Mama Umazi alisikia. Nikapanda lori.

Wiki ya kwanza kila nikipiga simu ni kilio. Huku kumenyamaza mno, Baba Umazi. Watoto wanaogopa. Gata la paani la kukingia maji ya mvua umeliacha linaning'inia, tangi halipati hata tone. Unakuja lini? Nikawa namwambia nakuja, nakuja, na kweli nilitaka kuja, lakini kazi iliandamana. Si unajua mambo ya fundi anayetafutwa? Nikituma pesa kwa simu nikaona nimefika.

Kisha akabadilika. Hakuuliza tena nakuja lini. Nikipiga, nasikia anacheka na watoto. Siku moja akaniambia, "Asante kwa gata. Maji yanaingia vizuri sasa."

"Gata gani?"

"Ah, nawe! Acha mzaha wako, chakula kinaungua." Akakata.

Nikabaki nimeshika simu kama mjinga. Nani kafunga gata langu? Siku nyingine simu akaishika Tsuma, kitindamimba wangu, akauliza, "Baba, leo utanibeba tena shingoni?" Tena! Mimi mtoto yule sijambeba shingoni hata siku moja, mabega yangu yamejaa makovu ya cheche.

Nilijua. Mwanamume yeyote angejua. Nilimtoa mke wangu kwenye macho ya fundi cherehani nikampelekea mchunga ng'ombe fulani kwa lori langu mwenyewe. Chakula hakikupita. Geti la mtu nikalikata fupi, mara ya kwanza tangu nianze kazi. Nikamuona huyo mwanamume kichwani: kijana, mrefu, amekaa kwenye kiti changu, anakula sima yangu.

Siku ya kazi, bila kumwambia mtu, nikafunga karakana nikaondoka. Nikashuka pikipiki mbali, penye lambo la kunyweshea ng'ombe, nisisikike. Nikaenda kwa miguu, kipande cha chuma mkononi. Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Nikajibanza kwenye mahindi.

Mke wangu yuko barazani, anapukuchua mahindi kwenye ungo, anaongea. Kisha akatupa kichwa nyuma akacheka. Wallahi, kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu tuoane. Mbele yake mwanamume, amenipa mgongo, amempakata Tsuma. Amevaa shati langu la kanisani, lile la bluu nililolisahau siku ya lori. Unajua nilikasirikia shati kwanza? Lakini lililonimaliza si shati, wala si kicheko. Ni kwamba mke wangu alieleza habari ndefu, ndefu kabisa, sijui ya kuku, sijui ya mwalimu wa Umazi, na yule bwana alikaa akamsikiliza mpaka ikaisha. Kisha akauliza swali. Mimi sikujua mke wangu ana maneno mengi namna ile.

Akainuka na ungo kwenda jiko la nje, nyuma ya nyumba. Nikatoka kwenye mahindi.

"Hodi!" nikasema. Hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe! Sijui kwa nini. Mdomo ulisema wenyewe.

Akageuka. "Karibu, mgeni."

Ndugu yangu, ule uso ulikuwa wangu. Si kufanana nami. Wangu, na kovu juu ya nyusi nililopata nikijifunza kuchomelea. Sauti yangu pia, ila haina haraka. Miguu nikaitazama mara moja, maana tumeambiwa majini wana kwato. Ilikuwa miguu ya mtu. Mikono tu ndiyo haikuwa yangu. Mikono yake ilikuwa laini, haina kovu, haina kucha nyeusi, kama mikono ya mtoto aliyezaliwa jana. Na mwanangu Tsuma aliponiona na kile chuma, alificha uso kifuani kwake. Kifuani kwake yeye!

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba nimejenga mimi!"

"Umejenga, kweli," akasema, kwa heshima, kama anayemtuliza mzee. "Nakushukuru. Umelala humu lini?"

Nikaanza kuhesabu siku kichwani. Mimi, ambaye najua kumjibu mpaka mkuu wa wilaya!

"Ngoja nikuletee kiti," akasema. Akamweka mtoto chini taratibu, akaingia ndani.

Nikamfuata mbio nimeinua chuma. Sebuleni hakuna mtu. Vyumbani hakuna. Mlango wa nyuma sikuweka, na grili zile paka hapiti, nilizipima mwenyewe. Kitandani kwangu lilikuwa shati la bluu, limelala, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Nikaligusa. Lilikuwa na joto la mtu.

Nyuma yangu Mama Umazi akasema, "Umebadilisha nguo saa ngapi? Na hicho chuma cha nini?"

Nikageuka. Akanitazama usoni, akashuka mpaka mikononi. Akatazama mikono kwa muda, kisha akaketi chini palepale, leso mdomoni.

Nilipayuka, sitaficha. Nikamuuliza alikuwa akilala na nani.

"Na mume wangu."

"Mume wako niko Likoni!"

"Basi ungeniambia mume wangu yuko Likoni, nisingempikia huyu."

"Hukuona mikono?"

"Niliona." Machozi yakamtoka. "Nikasema labda Mungu amekupumzisha."

Shangazi alifika kabla sijamwita, maana Umazi, mkubwa wangu, alituona wote akakimbia bondeni kumwambia baba wamekuwa wawili. Nilidhani atanionea huruma. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wenzako huwaletea wake zao mke mwenza," akasema, "wewe umepata mume mwenza. Na mdogo ni wewe!"

Kisha akaacha kucheka. Akasema nyumba itolewe kila kitu, mpaka kijiko, ihamiwe upya, na safari hii niingie mimi na mke wangu tu, tulale kama inavyotakiwa. "Lakini sikilizeni," akasema, akimtazama zaidi mke wangu. "Hamsemi neno. Mtu akiita, haitikiwi. Mmoja wenu akiitika, mimi sina dawa nyingine."

Basi nikatoa vyombo vyangu uani, mbele ya watu. Walikuja kutoka sijui wapi, maana kule hakuna majirani lakini watazamaji wapo. Kochi la ngozi, friji, televisheni, kitanda, vyote kwenye vumbi, kama mtu aliyefukuzwa kwa kukosa kodi. Nikapanda kutazama lile gata. Nimefanya kazi ya vyuma maisha yangu yote, naapa sikuona riveti, sikuona waya, sikuona alama ya moto. Limeshika tu, na maungio hayaonekani. Hata hilo nilimwonea wivu.

Watoto wakaenda kwa shangazi. Sisi tukaingia, mkeka mmoja kwenye chumba kitupu. Usiku ule sitausimulia wote, mengine ni ya mtu na mkewe. Nitasema hili moja. Nje kulisikika hodi. Sauti yangu, taratibu, haina hasira. Kisha ikaita, "Mama Umazi." Ikanyamaza, ikangoja. Mimi nikiita mke wangu sijui kungoja. Ikaita tena, "Mama Umazi, nimekuja."

Nilikuwa nimemshika mkono. Nikamsikia anavuta pumzi, ile ya mtu anayetaka kusema. Kumziba mdomo ningeweza, nina nguvu, lakini nilijua nikimziba nitakuwa nimeshindwa vilevile. Pumzi ikakaa kifuani mwake, ikakaa, kisha akaiachia polepole bila neno. Hakuitika. Hatua zikaenda zikapotelea upande wa lambo. Na mkononi mwangu nikahisi maji ya moto. Mke wangu alikuwa analia.

Asubuhi gata lilikuwa chini, vipande viwili.

Tangu hapo hakurudi tena, na mimi ndiye ninayelala pale. Kazi kubwa zimechukuliwa na mafundi wasionifikia hata nusu, kwa sababu alasiri ikianza tu nafunga karakana, mteja apende asipende. Tsuma sasa ananijia, ingawa shingoni hapandi, anasema panamchoma. Mke wangu ananiheshimu, ananipikia, hana neno baya. Siku hizi akinieleza habari namsikiliza mpaka mwisho, nakwambia kweli, hata ya kuku. Lakini yale machozi sijamuuliza. Yalikuwa ya hofu, au alikuwa anamuaga mtu? Naogopa atanijibu.

Kwa hiyo wewe unayejenga mashambani ili uwatoe wako kwenye vurugu za mjini, jenga, ni vizuri, na grili njoo nikutengenezee, hutapata bora. Lakini usiwashushe kwenye lori ukageuza. Lala. Kazi itangoja, mteja atangoja, usiku wa kwanza haungoji. Mimi nina nyumba, nina mke, nina jina Likoni nzima, na kila alasiri unaweza kuniona stendi nikisukumana na watu, natoka jasho, kama mfanyakazi anayewahi zamu asije akakuta mwenzake ameshaishika.