Alichokisitiri Sajini Marhoun

Marhoun alikuwa amebakisha miezi mitano astaafu upolisi walipomwambia aende mji wa Nizwa, huko huko Omani, akasome. Alicheka mpaka akakohoa. Miaka zaidi ya thelathini kazini, kichwa chote cheupe, na bado anatumwa darasani na daftari kwapani. Lakini amri ni amri, na gari la kituo cha Ibra lilikwisha kutiwa mafuta, basi akaenda.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, mwaka 2007, polisi na wauguzi wa maradhi ya akili pamoja, na mada yake vijana wanaoingia skuli na silaha. Televisheni ilikuwa imejaa habari za Amerika, na wakubwa walisema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Wengi ukumbini waliona hayo ni mambo ya Wazungu. Marhoun hakuona hivyo, na sababu yake alikuwa nayo moyoni tangu mwaka 1993.

Hajakaa sawasawa kitini, akasikia nyuma yake, "Shikamoo, ami Marhoun." Ni Wasan, binti wa rafiki yake Humaid, sasa muuguzi wa hapo hapo Nizwa. Mara ya mwisho alimwona ana miaka tisa. Msichana akampa salamu za nyumbani, akamwambia mama yake hajaacha kumwombea dua kwa wema aliowafanyia katika msiba wa Khalaf, kaka wa Wasan. Marhoun akaitikia marahaba, akaligeukia daftari lake. Kwa siku mbili alikula chakula cha mchana peke yake, mbali na meza ya wauguzi.

Humaid na Marhoun walikulia mtaa mmoja Unguja, wakaingia Omani mwaka mmoja, wakapata kazi na wake, wakawa ndugu kuliko ndugu. Khalaf, mtoto wa Humaid, alizaliwa Ibra lakini alilelewa na bibi yake kwa Kiswahili, na Kiarabu chake kikawa na lafidhi iliyowachekesha wenzake. Alipokuwa na miaka kumi na sita, mwalimu mmoja alimtoa mbele ya safu asubuhi, akamwambia asome tangazo, akawa anamwigiza neno kwa neno. Skuli nzima ikacheka. Watu husema mzaha mzaha hutumbuka usaha, kisha wanaendelea na mzaha wao.

Siku ya tatu yake Khalaf alikwenda skuli na bunduki ya babu yake, ameiviringisha kwenye mkeka wa kusalia. Kila nyumba ya pale ilikuwa na bunduki ukutani, ya kupigia Idi na harusi, na hakuna aliyeitia katika hesabu ya vitu vya hatari. Mlinzi wa lango aliuona mtutu, akapiga simu kituoni. Marhoun akaenda peke yake, maana alipolisikia jina la mtoto hakutaka askari mwengine alisikie.

Alimkuta nyuma ya matangi ya maji, amekaa chini, bunduki mapajani. Akamwambia kwa Kiswahili, "Nipe hiyo, mwanangu." Khalaf akampa. Hakubisha, hakulia, alimpa tu kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mgeni sahani. Risasi ilikuwa ndani.

Hapo ndipo sajini wetu alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa moyo safi, na hilo ndilo linalouma. Alimpeleka mtoto kwao. Humaid alimshika mkono akamlilia: nisitiri ndugu yangu, kijana ataharibikiwa, dada yake hataposwa, na anayemsitiri mwenziwe naye Mungu humsitiri. Neno hilo nani atalikataa? Katika daftari la kituo Marhoun akaandika: ugomvi wa wanafunzi, umesuluhishwa. Wakakaa kwenye sabla, ukumbi wa wageni, ikaletwa kahawa na halua. Jirani mmoja Mwarabu alipoingia kusalimia, wakaendelea kwa Kiswahili asifahamu kitu. Kabla ya kuondoka, Marhoun mwenyewe aliitoa risasi, akaipangusa bunduki, akaitundika ukutani pahala pake. Akarudi kwake anajiona mtu mwema.

Siku arobaini baadaye Khalaf aliishusha tena. Safari hii hakwenda skuli. Alikwenda shamba la mitende la baba yake, peke yake, na hakurudi. Watu wakaambiwa alikuwa akiisafisha bunduki kwa ajili ya Idi, ikamfyatukia, na hilo nalo Marhoun aliliandika kwa mkono wake.

Tangu hapo hakuweza kukaa kwenye sabla yenye bunduki bila ya kuikodolea macho. Sikukuu, wanaume wakianza kupiga hewani, alijifungia chooni akafungua bomba, na mkewe Tamima aliamini kuwa ni masikio tu. Wala si mlio uliokuwa ukimtesa. Ni ule uzito wa bunduki mikononi, namna mtoto alivyompa kwa urahisi vile. Mchana kweupe, anatia saini karatasi, ulimjia ule uzito akaiweka kalamu chini. Alitaka kitu gani yule, hata akampa bila ya neno? Aliogopa swali lile kuliko alivyowahi kumwogopa mhalifu yeyote.

Siku ya mwisho, mkufunzi, Daktari Ghaniya kutoka Maskati, aliwaambia wasitafute sura ya mtoto mbaya, kwa sababu haipo. Tafuteni aliyeaibishwa, alisema, na tafuteni aliyeambiwa, maana mara nyingi anayepanga jambo hili huwa kesha kulisema kwa mtu. Kisha akaomba kisa cha kweli. Afisa mmoja kijana akacheka, akasema kwetu hayajatokea. Marhoun akaona kuwa huyu ndiye atakayeitwa skuli kesho, na ataishia kwenye kahawa na halua kama alivyoishia yeye.

Akasimama. Akakieleza kisa kwa Kiarabu chote alichonacho, bila ya jina la mtu, macho yake mezani. Alisema ni yeye aliyeandika uongo mara mbili, na ni yeye aliyeitundika bunduki. "Na yule kijana hakumwambia mtu," alimaliza. "Lau angemwambia mtu, tungelijua."

Kwenye safu ya wauguzi kikasogea kiti. Wasan alikuwa amesimama. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Ami, mimi aliniambia. Mimi nilijua."

Ukumbi haukufahamu, watu wakawa wanatazamana. Marhoun aliiona njia ya kupitia: amwambie tutazungumza nje, mwanangu, na binti angetii, kwani amelelewa. Lingebaki lao watu wawili, kwa Kiswahili, kama la kwanza. Akayainua macho kutoka mezani, akamtazama.

"Sema kwa Kiarabu, mwanangu," akamwambia, "wasikie wote. Alikwambia nini?"

Akasema. Siku ile Wasan alikuwa nyuma ya pazia la sabla wakati wote wanaume wanakunywa kahawa, anangoja mtu amwulize, kwani kaka yake alikwisha kumwambia tangu juzi yake kuwa ataichukua bunduki. Hakuulizwa, ni mtoto wa kike wa miaka tisa. Wageni walipoondoka, Khalaf aliingia kwenye sabla, akatazama ukutani, kisha akaja akakaa naye sakafuni.

"Akaniambia, 'Wameirudisha. Mimi nilidhani wataichukua.'"