Vitambaa vya Mama Mkwe

Siku moja naikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, nayo si ya harusi wala ya kujifungua. Ni siku niliyofunguliwa vitambaa. Nilikuwa mwali bado, sijamaliza hata mwaka tangu niolewe hapa Sindeni, na mvua za msimu ule zilikuja zikatusalimia tu, kisha zikapita zao.

Mume wangu akaenda Korogwe kukata mkonge, kama wanaume wenzake. Haukupita muda, wake zao nao wakafunga mizigo wakawafuata. Tukabaki mimi na mama mkwe. Jioni nilikuwa nikitoka nje kutafuta moshi wa jiko la jirani, nisione moshi wowote ila wetu. Na mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwa msemaji. Akikupa neno asubuhi, la pili utalingoja kama mfungaji anavyongoja futari. Nililia sana miezi ile, sikufichi.

Sasa, nyumba hii ilikuwa na desturi yake. Mbegu ya kunde haikutoka kwenye masazo ya chungu. Kabla ya kuvuna, mtu aliingia shambani na vitambaa vya kanga kuukuu, akafunga kila mkunde aliouona unafaa kuwa mama wa mwakani. Mkunde wenye kitambaa huuchumi majani, hupiki kunde zake. Unauacha maganda yakauke mpaka yalie ukiyatikisa. Mama mkwe aliirithi kazi hiyo kwa mama yake, naye akaifanya tangu mume wangu hajazaliwa. Ndiyo maana kunde zetu ziliwahi kuiva kabla jua halijazimaliza. Watu walidhani ni bahati. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Msimu ule alinipa vitambaa mimi. Alijua, nami nilijua, kwamba kibuyu cha mbegu kilikuwa kitupu, tumeshapanda zote. Tukichagua vibaya, kazi ya maisha mazima ya wanawake wawili ingekwisha mle shambani. Lakini mimi nilichofikiri ni kimoja tu: mwali aliyepewa vitambaa, huyo amekubaliwa.

Nikashuka upande wa chini, pale njia ya miguu inapomwaga maji kila yanaponyesha manyunyu. Mikunde ya pale ilikuwa ya kutamanisha, majani mapana, inatambaa mpaka inapandana. Nikavimalizia vitambaa vyote hapo. Juu kwenye kokoto sikufika. Niliona kwa mbali vijikunde vimejikunyata, nikavihurumia, nikarudi nyumbani naimba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikinunua kilichojitembeza.

Asubuhi mama mkwe akaja kuona. Alisimama kidogo, kisha akainama akaanza kufungua vitambaa vyangu, kimoja kimoja, anavikunja kiganjani. Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu.

“Mama, nimekosea nini?”

“Hapa umechagua bonde,” akasema. “Hukuchagua kunde.”

Akanipandisha kwenye kokoto. Akashika kijikunde kimoja, akainua majani yake yaliyojikunja, na chini yake kulikuwa na maganda makavu, yamejaa punje.

“Huu haukuletewa maji na njia,” akasema. “Ule wako wa chini, jaribu kuupanda huku mwakani, uone kama utakupa hata ganda.”

Basi nikalia, wala si kwa ajili ya vitambaa. Nikamwambia yaliyokuwa yamenijaa kifuani: “Nataka kwenda Korogwe, mama. Hapa hakuna watu.”

Nilidhani neno la pili ni mpaka futari. Lakini alilitoa. “Mwaka wa mvua kila mkunde ni mama, mwali. Kazi hii mwaka wake ndio huu. Tukiondoka sote, nani atajua upi ulibaki?”

Sikwenda. Tukafunga vitambaa upya, huko juu, naye akinishika mkono kila nilipoupeleka pasipofaa. Zile za chini tukazila. Za kokotoni tukazichanganya na majivu, tukazifungia kibuyuni. Mvua ziliporudi, watu nao wakarudi, mume wangu mmoja wao, na hakuna aliyekuwa na punje ya kupanda. Walikuja kwetu na bakuli zao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mikunde ile iliyojikunyata ilikuwa rafiki wa kijiji kizima.

Leo mama mkwe amelala pale mwisho wa shamba, na mume wangu kando yake. Wanangu wa kuwazaa, mmoja yuko Masuguru, mwingine ana duka Kabuku. Wananipigia simu, wananiambia nihamie mjini nipumzike. Bwana shamba naye hupita na kunde mpya, nami nazipanda, sizidharau. Alinieleza kwamba wataalamu huyachavusha maua kwa mikono yao, kisha huzipeleka mbegu kwenye nchi kavu wakaangalia zipi zitavumilia. Nikamwambia kwamba mama mkwe angependa kwenda huko kuwafungulia vitambaa. Alicheka kwa adabu. Hakunielewa.

Mwaka huu mvua zimetusalimia tena zikapita. Nimefunga vitambaa peke yangu, na macho yangu si yale. Nadhani viwili nimevifunga pale yanapopita maji, sina hakika. Nilikaa juu ya jiwe asubuhi nzima, mwanangu, nikingoja mtu aje anifungulie. Upweke ule wa uwali ulikuwa wa kitoto. Huu ndio wenyewe: kukosea, na hakuna wa kukuambia.

Kwa hiyo nakuusia. Usichague bondeni, iwe mbegu, iwe mchumba, iwe rafiki. Panda mpaka kokotoni ukainue majani. Mtu akikufungulia ulichofunga, usimnunie, maana amekuhesabu wake. Wala usingoje usikie huku kumenawiri ndipo uje kunijulia hali. Njoo wakati wa jua. Mkono mmoja haulei mwana, na kunde hizi ni mwana.

Mungu akupe mvua za kukutosha. Na mwaka atakaokunyima mvua, asikunyime mtu wa kuja asubuhi, akasimama kidogo, akainama kukufungulia vitambaa. Amina.