Aliyelia Vizuri Zaidi

Kwetu Dabani, kijiji cha Uganda karibu na mpaka, msibani watu hupimwa kwa machozi. Asiyelia huulizwa anajua nini kuhusu kifo hicho. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili upande wa Kenya, na kaka yetu alipozikwa macho yangu yalikauka. Dada yangu, mfanyabiashara wa Tororo, alilia hadi akina mama wakamshika asijitupe kaburini.

Tulichogombea ni mtoto wa marehemu, msichana wa miaka sita asiye na mama. Ukoo ungekaa kuamua nani amchukue. Mimi sikutaka awe dada: msichana wa kijiji cha Molo ambaye aliwahi kumlea alirudi kwao hasemi tena.

Asubuhi ya kikao mtoto alimwagikiwa uji wa moto mkononi. Dada alikuwa mbele yake. Nilimwona akiutazama uso ule uliojaa hofu kama mtu anayetazama ukuta. Kisha akageuza shingo kuona nani yupo, akaniona, na hapo ndipo alipopiga yowe na kumkumbatia.

Kazini tulifundishwa kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, kama punje ya njugu, inayotushtua tuonapo hofu usoni mwa mwenzetu. Kwa watu wachache hiyo haishtuki ipasavyo. Waliochunguzwa zaidi ni wanaume wa magerezani. Wanawake wa namna hiyo hawakutafutwa sana, maana wengine huficha ubaridi wao ndani ya upole. Siwezi kumpima mtu kwa kumtazama tu, najua. Lakini kikulacho ki nguoni mwako: tulilala kitanda kimoja utotoni, na alama za kucha zake ninazo. Bado namwogopa.

Kikaoni nilisema mtoto asiende Tororo. Baba mdogo aliyekiongoza alinikazia macho.

"Huyu nalia mpaka sauti naisha," akasema akimwonyesha dada. "Wewe, machozi yako iko wapi?"

Ningemweleza nani habari za ubongo pale? Hasira ikanipanda. Nikaanguka chini, nikapiga yowe, nikamwita kaka kwa jina lake la utotoni, huku kwa pembe ya jicho nikiangalia nani ameguswa. Akina mama wakaanza kulia nami. Baba mdogo akapenga kamasi.

"Basi, mtoto nakaa na huyu," akasema, akininyooshea mimi kidole.

Dada ndiye aliyeniinua. Alinipangusa vumbi taratibu, akanisogelea sikioni, sauti yake shwari kabisa.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.