Kuku Uchi wa Tipoko

Mimi ni Msamo niliyeolewa kwa Wamosi, kwa hiyo nina haki ya kuwatukana watu wa ukoo mzima wa jirani yangu Tipoko, nao hawaruhusiwi kununa. Ndio utani wa makabila yetu mawili. Lakini mwaka ule nilitukana kwa hasira ya kweli.

Tipoko alipofiwa na mumewe alikataa kurithiwa na shemeji yake Raogo. "Nimeshaolewa mara moja, inatosha," alimwambia mbele za watu. Raogo ndiye mkuu wa boma, na alitafuta kila sababu ya kumfukuza. Hakuipata. Tipoko hakumwomba hata chumvi, maana alikuwa na kuku.

Mvua zilipokwisha, kuku wale wakaanza kunyonyoka. Shingo zikabaki nyekundu, mikia ikaisha, mayai yakakatika. Mimi ningewakimbiza sokoni kabla hawajanifia.

"Hawaumwi," Tipoko alinicheka. "Wanabadili nguo. Wewe ukivua nguo unataka kushikwashikwa?"

Unyoya mchanga una damu ndani, akanieleza, ukiubonyeza unamtesa kuku. Kwa hiyo hakuwagusa. Jioni alijaza vyungu mabua na samadi, akavifudikiza porini penye njia za mchwa. Asubuhi alirudi navyo vikichemka mchwa, na kuku wakampokea mbio. Juu ya hayo akawapa mashudu ya ufuta, majani ya mlonge na vichwa vya dagaa, akawamwagia majivu juani wajigaragaze.

Kisha ukaja upepo wa kaskazini. Siku moja alfajiri Raogo alikuta manyoya yamenata kwenye jiwe la kuwatambikia wazee waliokufa, mlangoni kwake. Jiwe lile halikauki pombe na damu za matambiko, na kwa Wamosi manyoya juu yake yana maana moja tu: mtu kachinja. Raogo akaita boma zima.

"Nani katambika hapa bila mimi?" Akamgeukia Tipoko. "Mwanamke! Mjane! Umewaomba wazee wetu nini, nife?"

"Ni upepo, shemeji. Kawahesabu kuku wangu, uone kama kuna aliyepungua."

"Upepo unajua kutambika? Kuku wote wachinjwe hapa, wazee wapoe. Halafu ufungashe, urudi kwenu!"

Nikashindwa kunyamaza. "Mtumwa wangu, kama una njaa ya nyama si useme! Unawasingizia marehemu wa watu?"

Watu wakaangua kicheko. Raogo hakucheka, na Mmosi asiyecheka akitukanwa na Msamo ameshaamua jambo. Alikuwa tayari ameshika kisu. Bila kuku wale, Tipoko angekula wapi?

Tipoko akaenda bandani bila haraka. Akarudi na kuku mmoja, amembeba kwa chini, tumbo likiwa kiganjani. Kuku mwenyewe uchi, ngozi imejaa vijiti vya manyoya yanayochomoza. Akamweka mbele ya jiwe.

"Haya, chinja. Wote wako hivi hivi. Ila niambie kwanza, shemeji: damu ikishamwagika, utabandika unyoya gani?"

Hata mtoto anajua: tambiko lisilobandikwa unyoya wa kuku yuleyule kwenye damu yake, wazee hawalipokei. Raogo akainama, akapapasa shingo ya kuku akitafuta chochote cha kung'oa. Kuku akapiga ukelele. Tipoko akampokonya.

"Hawashikwi hawa!"

Raogo akarudisha kisu alani. "Basi tutangoja. Yakiota, nitakuja kuwachukua."

"Yakiota watakuwa wanataga," Tipoko akasema, "nawe utakuja kuomba mayai. Njoo tu, nitakuwepo. Kwetu ni hapa."

Akampa kisogo, akaenda porini kuvichukua vyungu vyake vya mchwa.